SOMO LA WANAUSHIRIKA: KUBADILISHANA VIUNGO VYA TOVUTI

Kusudi la somo

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili, Katibu wa chama cha msingi pamoja na wanachama wataweza kueleza maana ya kiungo cha tovuti, kumwomba mwenye tovuti nyingine wabadilishane viungo, na kuyatambua mapatano yanayopasa kukataliwa.

Njia zipo, soko halionekani

Wilaya ya Kilosa ni njia panda ya miaka mingi. Reli ya Kati, iliyojengwa kati ya mwaka 1905 na 1914, inapita Kilosa. Tangu Julai 2024 treni za reli ya kisasa ziendazo Dodoma kutoka Dar es Salaam hupita Kilosa pia. Upande wa kusini, barabara kuu iendayo Iringa na Zambia inakata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kisha inaingia mji wa Mikumi.

Watu wengi hupita, lakini mpitaji hawezi kununua kitu asichojua kwamba kipo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, chema kilichofichika ghalani hakimwiti mnunuzi. Chama kinaweza kugharimia tovuti nzuri, yenye picha na bei, na bado mwaka ukapita pasipo mgeni kuifungua. Tovuti ya namna hiyo ni ghala lililojengwa porini bila njia ya kulifikia. Fedha iliyotumika ni ya wanachama, na mazao yanaendelea kuuzwa kwa bei anayoitaka mchuuzi.

Maana ya kiungo

Kiungo ni maneno yaliyowekwa katika ukurasa wa tovuti ambayo msomaji akiyabonyeza hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Mtandao wa kurasa za namna hii ulipendekezwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva.

Kiungo kina faida mbili. Ya kwanza ni kuleta mgeni moja kwa moja. Ya pili ni kuleta heshima. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha kampuni ya Google mwaka 1998, walibuni hesabu inayokichukua kila kiungo kama kura: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine zenye kuheshimiwa huhesabiwa kuwa na uzito zaidi. Leo mitambo ya kutafuta habari huangalia mambo mengine mengi pia, lakini viungo bado vimo katika hesabu hiyo.

Ushirikiano wa namna hii si jambo geni kwa wanaushirika. Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika liliuingiza ushirikiano baina ya vyama katika misingi ya ushirika mwaka 1966, na katika tamko la mwaka 1995 huo ndio msingi wa sita.

Mfano uliopo karibu ni wa reli. Tawi la reli litokalo Kilosa hupita Mikumi na kufika Kidatu, ambako hukutana na reli ya TAZARA. Upana wa njia hizo ni tofauti: moja ina milimita 1,000 na nyingine milimita 1,067, kwa hiyo behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya reli ya pili. Mwaka 1998 palijengwa hapo kituo cha kuhamishia mizigo. Reli hizo hazikuunganishwa kuwa shirika moja. Kila moja ilibaki na mwenyewe na kanuni zake, ila mzigo ulipata njia ya kuvuka. Wenye tovuti mbili wanaobadilishana viungo hufanya jambo lile lile.

Nani aombwe?

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa chama cha wafugaji nyuki kilicho karibu na Mikumi, chenye tovuti inayotangaza asali na nta. Katibu akianza kwa kujiuliza, "Ni nani atakayetusaidia?" atawaandikia watu wengi na kujibiwa na wachache. Swali lililo bora ni hili: "Ni nani mwenye wageni wanaohitaji kitu ambacho yeye hana, na sisi tunacho?"

Nyumba ya wageni ya Mikumi inafaa, kwa kuwa mtalii hupenda kurudi na zawadi ya mahali alipotembea. Mwongoza watalii anafaa kwa sababu hiyo hiyo. Chama cha wakulima wa alizeti kinafaa, maana nyuki huyasaidia maua ya alizeti kutunga mbegu. Hata chama kingine cha asali si lazima kiwe mshindani, kwa kuwa oda kubwa inayokishinda chama kimoja huweza kujazwa na viwili. Muuza vipuri vya simu wa mjini, hata akikubali haraka, hafai. Wageni wake hawakuja kutafuta asali.

Namna ya kushawishi

(a) Chama kianze kwa kusafisha nyumba yake. Ukurasa uonyeshe bei, ujazo, mahali pa kupata bidhaa, na namba ya simu inayopokelewa. Hakuna mwenye tovuti atakayewapeleka wageni wake kwenye mlango uliofungwa.

(b) Chama kitangulie kutoa. Mkono mtupu haulambwi. Kiungo cha mwenzake kikiwekwa kwanza, ombi litakalofuata huwa na uthibitisho.

(c) Ombi lieleze faida ya anayeombwa na ya wageni wake, si shida za chama.

(d) Ombi litaje ukurasa unaohusika na maneno yanayopendekezwa, ili mwombwa asibaki na kazi ya kufikiri.

(e) Mwombwa aachiwe uhuru. Asipojibu, akumbushwe mara moja tu, kwa adabu. Jirani anayeweza kufikiwa kwa miguu ni vizuri aendewe, maana barua haishindi maamkizi ya uso kwa uso.

Kielelezo cha barua

"Ndugu Meneja,

Wageni wa nyumba yako hutuuliza mara kwa mara mahali pa kulala karibu na Hifadhi. Kwa sababu hiyo tumeweka katika ukurasa wetu wa 'Kufika Mikumi' kiungo cha tovuti yako. Kwa kuwa ukurasa wako wa 'Mambo ya kufanya' hautaji mahali pa kununua bidhaa za wenyeji, tunapendekeza uongeze mstari huu: 'Asali ya wafugaji nyuki wa Mikumi, pamoja na matembezi ya kuona mizinga.' Unakaribishwa kwanza uje uione asali yetu na namna inavyochujwa. Iwapo jambo hili halikufai, kiungo chako kitabaki palepale kwa faida ya wageni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Katibu."

Yafaa izingatiwe kwamba barua hii ni fupi, inaonyesha kwamba mwandishi ameisoma tovuti ya mwenzake, na inamwalika aje akague kabla ya kukubali. Maneno yake yote yawe kweli: Katibu asiandike kwamba wageni huuliza ikiwa hawaulizi.

Kiungo ni dhamana

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Anayeweka kiungo anamdhamini mwenzake mbele ya wageni wake. Mgeni akiuziwa asali iliyochanganywa na maji ya sukari, lawama ya kwanza itamwangukia mwenye nyumba ya wageni aliyemwelekeza. Vivyo hivyo chama kikimpeleka mwanachama au mnunuzi kwa mlaghai, jina la chama ndilo litakalochafuka. Kwa hiyo Katibu asiweke kiungo kwa uamuzi wake peke yake. Bodi ijadili na kuamua, na uamuzi uandikwe katika muhtasari.

Yafuatayo yakataliwe:

1. Mtu anayeahidi mamia ya viungo kwa malipo. Kanuni za Google zinahesabu ununuzi wa viungo kwa ajili ya kupandisha nafasi, na ubadilishanaji uliopita kiasi, kuwa udanganyifu, na tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa katika matokeo. Fedha ya wanachama itakuwa imenunua hasara. Kiungo cha tangazo halali kilicholipiwa huwekewa alama ya kitaalamu inayoonyesha hivyo, na fundi wa tovuti aifahamu.

2. Mtu anayetaka neno la siri la tovuti ya chama ili "aweke kiungo mwenyewe".

3. Mtu anayetaka orodha ya wanachama na namba zao za simu. Kubadilishana viungo si kubadilishana daftari la wanachama. Taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kumbukumbu na ukaguzi

Katibu afungue daftari la viungo lenye safu tano: jina la tovuti, tarehe ya makubaliano, ukurasa kilipowekwa kiungo, kumbukumbu ya uamuzi wa Bodi, na tarehe ya ukaguzi. Kila baada ya miezi mitatu abonyeze kila kiungo na kuona kinapelekea wapi. Anwani ya tovuti isipolipiwa ada yake huweza kuchukuliwa na mtu mwingine, na ukurasa uliokuwa wa jirani mwema ukageuka kuwa wa kamari. Aidha, kila mnunuzi anayepiga simu aulizwe, "Umetujuaje?" na jibu liandikwe. Bila majibu hayo Mkutano Mkuu hautajua kama kazi hii ina faida.

Chama kisicho na tovuti hakijatengwa na somo hili. Kinaweza kuomba kitajwe katika tovuti ya jirani na chenyewe kikabandika tangazo la jirani huyo penye ubao wa ghala lake. Masharti ya udhamini na ya kumbukumbu ni yale yale.

Maswali ya kujadiliwa na kikundi

1. Wanunuzi wa mazao ya chama chenu hupita kwa nani kabla ya kufika kwenu?
2. Tajeni majirani watatu ambao wageni wao wanahitaji bidhaa yenu. Chama kitatangulia kumpa nini kila mmoja?
3. Je, kuna mtu ambaye chama kinamtangaza leo na hakiko tayari kumdhamini? Hatua gani ichukuliwe?
4. Mtu amekuja na ahadi ya viungo 500 kwa malipo. Andikeni jibu la Bodi.