Dawa ya minyoo au vitabu?

Swali: Niko kwenye kamati ya shule ya msingi. Wenzangu wanasema dawa za minyoo ni kazi ya zahanati, sisi tununue vitabu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Anzeni na dawa. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, shule 75 ziliingizwa kwa zamu katika mpango wa dawa kuanzia 1998, na watafiti Edward Miguel na Michael Kremer wakakuta utoro umepungua kwa takriban robo. Hata ambao hawakumeza kidonge walinufaika, maana mayai ya minyoo hupungua kwenye udongo wanaochezea pekupeku. Zahanati inayomsubiri mgonjwa mmoja mmoja haifiki huko. Wenzako watasema alama za mitihani hazikupanda. Ni kweli, na hesabu za utafiti huo zimepingwa pia. Lakini miaka 20 baadaye, waliotangulia kupewa dawa walikuwa na kipato cha saa kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 13 hivi. Vitabu navyo? Utafiti mwingine wa eneo hilohilo ulikuta vitabu vya kiada vikiwainua hasa wanafunzi waliokwisha kuwa wazuri. Kidonge cha albendazoli, yaani dawa ya minyoo, hutafunwa darasani kwa dakika moja, ila minyoo hurudi: kitolewe kila mwaka, na chooni pawe na maji na sabuni.