Kwa nini dozi ya TB ni miezi sita?

Wanachuo wenzangu, sisi tunaotoka Tunduma tunalisikia sana swali hili, hasa kwa madereva wa malori: mtu kameza dawa za kifua kikuu mwezi mmoja, kikohozi kimekata, nguvu zimerudi. Kwa nini aendelee? Jibu liko kwenye ukuta wa seli.

Bakteria wa TB ana ukuta mnene wenye mafuta mazito kama nta. Seli ya binadamu haina ukuta huo, kwa hiyo dawa ina kitu cha kulenga ambacho sisi hatuna. Isoniazidi inazuia kutengenezwa kwa yale mafuta. Ethambutoli inazuia kutengenezwa kwa sukari zinazoyashikilia ukutani. Ni kama fundi wa nyumba: huyu kamnyima saruji, yule kamnyima nondo.

Sasa angalia hapa. Dawa hizi mbili hazivunji ukuta uliokwisha kamilika, zinakwamisha ujenzi. Zinambana bakteria anayekua na kugawanyika. Na huyu wa TB hana haraka: wakati bakteria wa kawaida wa tumboni anaweza kugawanyika kila dakika 20, yeye huchukua kama saa 20. Wengine wanalala kabisa, hawajengi chochote. Hao wanahitaji rifampisini na pirazinamidi, tena kwa muda.

Ndiyo maana mgonjwa anapata nafuu mapema: waliokuwa wanajenga wamekufa, waliolala bado wapo. Akiacha dawa wanaamka, na wenye usugu ndio wanaozaana.

Miezi sita yenyewe siyo mingi. Zamani dozi ilifika mwaka na nusu. Majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki miaka ya 1970 ndiyo yaliyosaidia kuonyesha kwamba ukiongeza rifampisini au pirazinamidi, sita inatosha. Leo, kwa TB ya kawaida, ni miezi miwili ya dawa zote nne, kisha minne ya isoniazidi na rifampisini.

Kwa hiyo dereva anayevuka kwenda Nakonde na kuendelea hadi Kongo aseme kituoni kabla ya safari, apangiwe dawa zake. Na sisi walimu watarajiwa, tukifika kwenye mada ya seli tusiishie kuchora ukuta ubaoni. Tuwaambie wanafunzi kazi yake, waende wakawaeleze wazazi.