SOMO LA MWEZI: Usalama Wetu na Haki ya Jirani



Uchungu wa ugaidi tunaujua. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua watu zaidi ya 200 Nairobi. Westgate, 2013, walikufa 67. Chuo Kikuu cha Garissa, 2015, walikufa 148. Serikali ina wajibu wa kutulinda, na sisi tuna wajibu wa kuisaidia. Lakini namna gani?

Tuseme kijana mgeni amepanga chumba Kitengela. Hasalimii watu, hutoka usiku, na jina lake ni la Kisomali. Je, tumripoti? Ngoja kwanza. Jina si kosa. Kutoka usiku si kosa. Walinzi wangapi hutoka usiku! Lakini ukiona silaha, au ukisikia akiwashawishi vijana waende kupigana, ripoti mara moja kwa Nyumba Kumi, chifu au polisi. Sema ulichoona, usiseme ulichodhani.

Na akishikwa je? Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inataka aambiwe sababu kwa lugha anayoelewa, awasiliane na wakili, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Zikiishia siku ambayo korti imefungwa, ni siku ya korti inayofuata. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inaruhusu azuiliwe zaidi, lakini anayeamua ni korti, si polisi. Kutesa mtu hakuruhusiwi kamwe.

Wengine husema, "Haki ni za nini wakati wa hatari?" Aprili 2014 maelfu walishikwa Eastleigh, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Mwaka uliofuata Garissa ikashambuliwa. Kushika wengi si kumpata mwenye hatia. Hapa Kajiado mwizi wa ng'ombe akiingia bomani, hatuchomi boma lote. Tena, mtu aliyeonewa haleti habari kwa polisi, na bila habari za raia polisi hawaoni mbali.

Mtu wenu akichukuliwa:
1. Andikeni saa, mahali na nambari ya gari.
2. Nendeni kituoni wawili au watatu, mwulize kama jina limeandikwa katika OB.
3. Msipomwona, tafuteni wakili aombe Mahakama Kuu iamuru aletwe. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA.

Maswali ya kujadiliana:
- Katika kikundi chetu, nani hushukiwa upesi? Kwa nini?
- Angekuwa mtoto wako, ungetaka majirani wafanye nini?