Kazi ya Ujenzi Isitupotezee Uzima

Ukipita Bariadi siku ya kazi utasikia nyundo zikigonga. Utaona mirunda imesimikwa. Utaona karai za zege zikipita mkono hadi mkono.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Mji wa Bariadi ndio makao makuu. Mkoa mpya ulihitaji ofisi, hospitali, barabara, shule na nyumba. Tena, mwaka 2021 ulianza ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka. Njia ya reli hiyo inapita Malampaka, katika Wilaya ya Maswa.

Kwa hiyo pamba ikiisha kuvunwa, vijana wengi huenda kutafuta vibarua vya ujenzi. Kazi hii inajenga taifa. Inalipa ada na kununua mahindi. Lakini pia inavunja miguu, na wakati mwingine inaua. Somo hili ni juu ya kufanya kazi hiyo na kurudi nyumbani mzima.

Mfano wa Saidia Fundi

Tuchukue mfano wa kijana mmoja. Hatutamtaja jina, maana kila kijiji kina mtu wa namna hii. Tumwite Saidia Fundi.

Saidia Fundi aliacha mke na watoto wawili kijijini, akaenda kutafuta kibarua mjini. Akapata kazi ya kuchimba msingi wa nyumba. Walipatana shilingi 8,000 kwa siku. Hapakuwa na maandishi. Aliyemwajiri alimjua kwa jina moja tu: Bosi. Kila jioni kijana alirudi nyumbani kwa baiskeli.

Mahali pale palikuwa na udongo mweusi wa mbuga. Usiku mmoja mvua ilinyesha. Asubuhi mtaro wa msingi ulikuwa umefika kifuani kwa kina, na kandokando yake kulikuwa na nyufa. Fundi mmoja mzee aliangalia, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, usishuke," alisema. "Ukuta huu umeshalegea."

"Mzee, nisiposhuka nitapewa mwingine nafasi yangu," kijana alijibu.

Mnyapara alisema kazi iishe kabla ya saa sita. Kijana akashuka. Haukupita muda, ukuta wa udongo ukamwangukia. Wenzake walimfukua akiwa hai, lakini mguu ulikuwa umevunjika. Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, mguu ukining'inia. Alilia njia nzima.

Hospitalini aliulizwa, "Mwajiri wako ni nani?" Akajibu, "Bosi." Aliulizwa, "Umefanya kazi siku ngapi?" Hakukumbuka vizuri. Bosi naye alisema ni siku sita tu.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Mke wa kijana huyu alikuwa akisoma darasa la watu wazima. Kila jioni mume aliporudi, mama huyu aliandika nyuma ya daftari lake: tarehe, mahali, na fedha ambazo hazijalipwa. Aliandika ili ajizoeze mwandiko. Daftari lilipofunguliwa, zilionekana siku 11. Fundi mzee akashuhudia mbele ya mtendaji wa kata kwamba ni kweli. Bosi akalipa siku zote 11. Jina lake kamili likaandikwa, na madai ya mguu yakapata pa kuanzia.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nguvu za mtu ni mali. Nazo zinahitaji daftari.

Udongo wa mbuga una tabia yake

Wewe mkulima unaujua udongo huu. Ukinywa maji huvimba na kunata. Jua likiwaka hunywea na kupasuka. Ndiyo maana nyumba nyingi zilizojengwa juu yake bila msingi mzuri hupata nyufa. Ndiyo maana pia mtaro uliosimama vizuri jana unaweza kuanguka leo.

Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa zaidi ya tani moja. Ni zaidi ya mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Udongo huo ukikubana kifua, huwezi kuvuta pumzi, hata kama kichwa kiko nje.

Fanyeni hivi:

1. Kagueni mtaro kila asubuhi, na tena baada ya mvua.
2. Mtaro ukiwa mrefu, chimbeni kingo zake kwa mteremko, au zizuieni kwa mbao na miti.
3. Udongo uliochimbwa utupwe mbali na ukingo. Usirundikwe juu ya kichwa cha mchimbaji.
4. Wekeni ngazi ndani ya mtaro.
5. Mtu asichimbe peke yake. Awepo wa kuangalia juu.

Hayo yahusu pia wachimba visima na mashimo ya vyoo kijijini.

Juu ya jukwaa

Watu wengi huumia kwa kuanguka. Jukwaa la mirunda lifungwe vizuri, na miguu yake isimame pahali pagumu. Mirunda iliyoliwa na mchwa isitumike. Mbao za kukanyagia ziwe pana na zisicheze. Pembeni pawe na mti wa kuzuia mtu asianguke. Usirundike matofali mengi upande mmoja. Chini ya jukwaa watu wasipite bila kofia ngumu.

Nyumba yenyewe nayo inaweza kuwa adui ikiwa imejengwa ovyo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka. Watu 36 walikufa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafariki. Kwa hiyo fundi asikubali kupunguza nondo au saruji ili mtu mwingine apate faida. Ukuta hausahau kilichoibwa ndani yake.

Saruji, vumbi na jua

Saruji mbichi ni kali. Inaunguza ngozi polepole, na mara nyingi mtu hasikii mpaka kidonda kimetokea. Usikanyage zege kwa miguu mitupu. Vaa buti na glavu. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha nenda kwenye zahanati.

Vumbi la mawe na saruji huharibu mapafu. Anayeponda kokoto au kukata mawe afunike pua na mdomo, amwagie mawe maji, na akae upande ambao upepo unatoka. Akina mama wengi hufanya kazi ya kuponda kokoto huku mtoto yuko karibu. Mtoto awekwe mbali na vumbi na vipande vinavyoruka.

Jua la Simiyu ni kali. Mtu anayefanya kazi juani anywe maji mara kwa mara, hata kabla ya kusikia kiu. Akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, apumzike kivulini. Mwenzake akianza kusema maneno yasiyoeleweka, huo ni ugonjwa wa hatari. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwilini, apepewe, na apelekwe hospitali upesi.

Mwenzako akiumia

Msikimbilie kumwinua. Kwanza angalieni kama hatari bado ipo. Ukuta mmoja ukianguka, wa pili unaweza kufuata.

Aliyefunikwa na udongo afukuliwe kwanza kichwani na kifuani. Asivutwe kwa nguvu. Damu ikitoka sana, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi. Mguu uliovunjika ufungwe kwenye ubao usitikisike.

Aliyeanguka na kulalamika maumivu ya shingo au mgongo asiketishwe. Alazwe juu ya ubao mpana au mlango, apelekwe kwa gari. Pikipiki inafika haraka, lakini inaweza kumfanya aliyeumia mgongo apooze maisha yake yote.

Sheria inasemaje?

Wapo wanaodhani kibarua hana haki. Si kweli.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka mahali pa kazi pawe salama. Mwajiri ndiye anayepaswa kutoa vifaa vya kujikinga. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, unaoitwa OSHA, ndio unaokagua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa juma. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Hata zikiwepo saa za ziada, siku ya kazi isizidi saa 12. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya saa nzima.

Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayechangia. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Mtu akiumia kazini, Mfuko unahusika na matibabu yake na malipo ya ulemavu. Akifa, unahusika na mazishi na pensheni ya wategemezi wake. Ajali iarifiwe mapema. Usikae mpaka mwaka upite.

Ukiwa na mgogoro na mwajiri, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi kwa uonevu anatakiwa kupeleka shauri ndani ya siku 30. Madai mengine yapelekwe ndani ya siku 60. Ukichelewa, haki inaweza kukuponyoka.

Moyo nao huchoka

Mwili si kitu pekee kinachoumia. Kibarua hulala mbali na nyumbani. Fedha zinachelewa. Mke anapiga simu kwamba chakula kimeisha. Mtu anaona aibu kurudi mikono mitupu. Wengine huanza pombe tangu asubuhi, na mlevi akipanda jukwaa anahatarisha roho yake na za wenzake.

Ukiona hulali, unakasirika ovyo, au unaona afadhali kufa, usinyamaze. Zungumza na mwenzako unayemwamini, mzee wa familia, au mganga wa zahanati. Kunyamaza si uanaume. Na wewe uliye nyumbani, mumeo au mwanao anaporudi, usianze na swali la fedha. Mwulize kwanza, "Umerudi mzima?"

Kijiji nacho ni mwajiri

Vijiji vingi hujenga madarasa na zahanati kwa nguvu za wananchi na mafundi wa hapohapo. Kamati ya ujenzi ndiyo inayopatana na fundi. Kwa hiyo kamati iandike mapatano: kazi gani, malipo gani, yalipwe lini, na nani atashughulika mtu akiumia. Kamati iulize ofisi ya halmashauri kabla ya kazi kuanza. Si haki kijiji kilalamike juu ya mabosi wa mjini, halafu nacho kifanye vilevile.

Andika katika daftari lako

Ukipata kibarua, andika siku ya kwanza:

1. Jina kamili la mwajiri na namba yake ya simu.
2. Mahali pa kazi.
3. Malipo mliyopatana.

Kila jioni andika tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na fedha ulizopokea. Ikitokea ajali, andika saa, mahali, namna ilivyotokea, na majina ya mashahidi wawili. Tunza karatasi zote za hospitali.

Zoezi la hesabu

1. Saidia Fundi alidai siku 11 kwa shilingi 8,000 kila siku. Bosi alitaka kumlipa siku 6. Daftari liliokoa shilingi ngapi?
2. Tuseme malipo ni shilingi 1,000 kwa saa. Mtu amefanya kazi saa 11 kwa siku moja. Saa 9 ni za kawaida, na 2 ni za ziada. Alipwe kiasi gani?

(Majibu: 1. Shilingi 40,000. 2. Shilingi 12,000.)

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini Saidia Fundi alishuka mtaroni ingawa alionywa? Je, wewe ungefanya nini?
2. Wafanyakazi wote kumi wakikataa pamoja kushuka, ni sawa na mmoja kukataa peke yake?
3. Katika kijiji chetu, nani ameumia katika ujenzi? Familia yake inaishije leo?

Ndugu msomaji, nyumba ikianguka hujengwa tena. Mtu hajengwi tena. Kesho ukienda kazini, beba maji ya kunywa, na daftari liwe mfukoni. Jioni, rudi nyumbani.