SOMO: KAMERA YA KUVAA MWILINI



Vikundi vingine hupata pesa kwa kupiga video za harusi. Lakini kamera ya mkononi hutikisika mtu akitembea. Ndiyo sababu Garrett Brown wa Marekani alibuni Steadicam miaka ya 1970: jaketi ngumu, mkono wa springi, na mlingoti wenye kamera juu, betri na skrini chini.

Sisi tulipoanza, kijana wetu mmoja aliivaa siku nzima. Kesho yake hakuweza kuinama shambani. Basi tujifunze:

1. Kaza mkanda wa kiunoni. Uzito ukae kiunoni, si mabegani.

2. Pima kwanza. Laza mlingoti, uuachilie. Ukifika wima kwa sekunde 2 hadi 3, ni sawa. Ukianguka upesi, chini ni kuzito mno. Pandisha betri kidogo.

3. Simama wima, mlingoti karibu na mwili. Mkono wako mmoja ushike ule wa springi. Mwingine uguse mlingoti kwa vidole tu. Ukiukamata kwa nguvu, picha itayumba.

4. Mwenzako atembee nyuma yako, akuonye juu ya mashimo na ngazi. Upepo ukivuma, akukinge.

5. Nunueni betri ya akiba na stendi ya kutundikia mtambo. Mgongo hauna spea.

Jadilianeni: Nani atavaa? Nani ataongoza? Mtapokezana baada ya dakika ngapi?