SOMO LA AFYA: KUFUNGA NJIA YA DAMU UBONGONI KWA MUDA



Somo letu safari hii ni jinsi madaktari wanavyosimamisha damu kwa muda wanapotengeneza mshipa wa ubongo. Msidhani ni mambo ya wasomi peke yao. Fundi wa bomba ataelewa upesi.

1. Ugonjwa wenyewe
Mshipa wa ubongo unaweza kudhoofika mahali pamoja ukatokeza kivimbe, kama tyubu inavyochungulia kwenye tairi bovu la bodaboda wetu wa Busia. Kivimbe hicho huitwa aneurizimu. Wengi hawasikii lolote mpaka kipasuke, na kikipasuka damu humwagika kuzunguka ubongo.

2. Kwa nini damu ifungwe
Bomba lililotoboka halizibwi maji yakija kwa nguvu. Kwanza tunafunga koki ya nyuma. Daktari naye hufungua fuvu, hutazama kwa hadubini, kisha hubana mshipa kwa kibanio kidogo kabla ya kufika kwenye kivimbe. Kivimbe hulegea. Hapo huweka kibanio cha kudumu shingoni mwa kivimbe, na kuondoa kile cha muda. Cha muda kina springi laini zaidi, kisiumize mshipa. Daktari Walter Dandy alibana kivimbe cha namna hii kule Baltimore, Marekani, mwaka 1937.

3. Hatari yake
Bomba laweza kufungwa kutwa nzima, ubongo hauwezi. Ukikosa damu kabisa, huanza kuharibika baada ya dakika chache. Kwa hiyo dakika huhesabiwa. Kazi ikichelewa, daktari anaweza kuachia damu ipite, kisha afunge tena. Daktari wa usingizi hupandisha presha kidogo ili damu ipitie njia nyingine, na huweza kutoa dawa ya kupunguza mahitaji ya ubongo. Chini ya ubongo mishipa imeungana kama pete, aliyoieleza Mwingereza Thomas Willis mwaka 1664. Lakini si kila mtu ana pete kamili, ndiyo maana hakuna kubahatisha.

4. Yatuhusu nini sisi
Mwenzetu akishikwa ghafla na maumivu ya kichwa yasiyo na mfano, akatapika, shingo ikakakamaa au akazimia, tusiseme ni malaria wala jua la shambani. Asilazwe chini ya mti. Asipewe aspirini, kwani huzidisha kutoka damu. Apelekwe hospitali mara moja, kama Masafu au Tororo, na tuseme wazi kwamba maumivu yalianza ghafla. Upasuaji wa ubongo hufanywa Mulago, Kampala, na safari hiyo ni ndefu. Kila saa tunayopoteza kazini ni saa ya mgonjwa.

Presha ya juu na sigara huongeza hatari. Tudai kipimo cha presha katika zahanati ya kazini, na gari la wagonjwa hata zamu ya usiku.

Tena, Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mgonjwa aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili wa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Tuchukue cheti cha daktari na kumjulisha mwajiri mapema.

Maswali ya kujadili tawini
1. Wangapi kati yetu wanajua presha zao?
2. Mtu akianguka saa nane usiku, nani ana ufunguo wa gari?
3. Tutampelekea meneja madai gani, na lini?