Laptopu: ninunue Mombasa, niagize Dubai au ningoje Ujerumani?

Mshauri wetu,

Mimi ni msichana wa Faza, kisiwani Pate. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya ikolojia ya bahari katika Chuo Kikuu cha Bremen, Ujerumani, na masomo yanaanza Oktoba inshallah. Jamaa na majirani wamenichangia. Baada ya tikiti na viza zimebaki shilingi 110,000, za laptopu na matumizi ya mwanzo. Baba anataka ninunue Mombasa kabla sijaondoka. Anasema nisiende ugenini mikono mitupu. Kuna duka limeniwekea HP EliteBook 840 G3 iliyotumika Uingereza kwa 26,000, na nyingine mpya kwa 95,000. Ami yangu aliyeko Dubai amejitolea kuninunulia huko, ampe mtu aje nayo. Rafiki yangu aliyesoma Ujerumani anasema nisinunue popote mpaka nifike. Sitaki kumvunja moyo mtu, wala sitaki kupoteza pesa za watu. Nifanyeje?

Msafiri, Faza

Hongera, mwanangu. Binti wa Faza kwenda kusomea bahari ni jambo la kumfurahisha kila mtu wa visiwani.

Baba yako ana haki. Nunua Mombasa. Lakini usinunue ile ya 95,000, na ile G3 pia iache dukani.

Nianze na hiyo G3, maana wengi wananaswa hapo. Herufi na nambari hiyo ni toleo la HP tu. La kuangalia ni jina la prosesa. Mashine hizo nyingi zina prosesa ya Intel iliyoandikwa mfano i5-6300U, na tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi chake: hii ni ya sita. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Ndiyo sababu kampuni za Ulaya zinaziondoa mashine hizo maofisini, nazo zinashuka kwetu kwa bei ya kuvutia. Muuzaji atakwambia ameshakuwekea Windows 11. Inawezekana kuiweka kwa mlango wa nyuma, lakini Microsoft haikuahidi masasisho ya usalama, na wewe utakuwa ukiingia benki na kwenye mtandao wa chuo kwa mashine hiyo hiyo. Ongeza pesa kidogo utafute EliteBook 840 G5 au Lenovo ThinkPad T480 yenye kizazi cha nane, RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Zote mbili unaweza kuzifungua ukaziongeza RAM baadaye.

Utaniuliza kama mashine iliyotumika itamudu masomo yako. Kwa fani yako, naamini itamudu. Takwimu za viumbe na mazingira siku hizi hufanywa kwa R, na ramani kwa QGIS. Programu zote mbili ni za bure na hazihitaji mashine ya fahari. Ukitaka kuchambua picha za setilaiti za mikoko ya kwetu, kazi nzito unaweza kuifanyia Google Earth Engine, ambako hesabu zinapigwa kwenye kompyuta zao. Laptopu yako inaonyesha majibu tu. Ungekuwa unakwenda kusomea usanifu wa majengo au uhandisi wa mitambo, ushauri wangu ungekuwa mwingine kabisa, kwa sababu programu kama Revit na SolidWorks zinataka Windows na mashine yenye nguvu.

Rafiki yako naye hakukosea. Ujerumani soko ni kubwa, kuna bei za wanafunzi, na mnunuzi analindwa. Muuzaji wa kitu kipya anawajibika kwa kasoro zake kwa miaka miwili kisheria, na ukinunua kwa mtandao una siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu. Ushuru wao ni asilimia 19, wa kwetu asilimia 16, kwa hiyo hofu ya kwamba huko kila kitu ni ghali haina msingi mkubwa kwa laptopu. Alichosahau rafiki yako ni wiki zile za mwanzo. Utafika ukitakiwa kuandikisha anwani yako manispaa na kufungua akaunti ya benki, na kila hatua inaingojea nyingine. Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai dhamana ya hadi kodi ya miezi mitatu. Ikiwa umewekewa pesa kwenye akaunti ile ya wanafunzi inayofungwa, ambayo tangu Septemba 2024 kiwango chake ni yuro 11,904 kwa mwaka, huwezi kuzichota utakavyo; zinatoka 992 kwa mwezi, na ndizo za kula na kulala. Mihadhara inaanza katikati ya Oktoba hata kama akaunti yako haijafunguka. Mwanafunzi anayefungua kazi za chuo kwenye simu wiki hizo anaanza nyuma ya wenzake, nami sitaki hilo likupate.

Kuna jambo jingine dogo linalosumbua sana. Kibodi ya Kijerumani imebadilisha mahali pa Z na Y, na alama ya @ inapatikana kwa AltGr pamoja na Q. Mtu huzoea, lakini si katika wiki ambayo unaandika kazi yako ya kwanza. Mashine zilizotoka Uingereza zina kibodi uliyoizoea. Baadhi ya zinazouzwa kwetu zilitoka Ujerumani au nchi za kaskazini ya Ulaya na zimebandikwa vibandiko juu ya herufi, basi vitazame kwa makini.

Sasa siku ya kununua. Usinunue kesho yake ukiwa na ndege. Shuka Mombasa mapema, ufikie kwa jamaa, na uitumie mashine wiki nzima mjini kabla ya kurudi Faza kuaga. Ukishavuka Mokowe, kuirudisha dukani ni safari ya boti na basi kwenda na kurudi, na nauli yake inakula faida yote ya bei. Dukani usikubali kuonyeshwa ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Ichomoe chaja. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha ulifungue faili litakalotajwa. Humo kuna mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake wa leo. Wa leo ukiwa umeshuka chini ya nusu, omba betri nyingine au bei nyingine. Halafu izime uiwashe, ukibonyeza F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, ondoka. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki haikuifungua, na siku moja inaweza kukufungia kazi yako yote ndani. Bonyeza kila herufi, jaribu kamera, maikrofoni, waifai na matundu ya USB. Dai risiti ya ETR yenye nambari ya mashine, na muda wa waranti uandikwe kwa kalamu, si kwa mdomo.

Chaja usiihofu. Soma maandishi yaliyo kwenye kile kibonge chake. Yakisema INPUT 100–240V, inafanya kazi kwetu na Ujerumani. Kinachobadilika ni plagi tu, na waya wa plagi ya huko utaununua Bremen kwa yuro chache.

Kwa ami yako uende taratibu, maana hapo pana heshima ya mtu. Dubai ushuru ni asilimia 5, ndiyo maana jamaa zetu wanaona kuna nafuu. Marejesho ya ushuru huo uwanja wa ndege ni ya watalii. Ami ni mkazi, hapati. Mashine mpya ya huko mara nyingi ina herufi za Kiarabu kwenye kibodi, jambo ambalo halitakusumbua, lakini waranti ya baadhi ya kampuni inaishia katika eneo ilikouzwa. Kubwa zaidi, utaletewa katoni uliyoshindwa kuijaribu, na ikiwa na kasoro itabidi utafute msafiri wa kuirudisha. Usimwambie ami kwamba hutaki zawadi yake. Mwambie baba azungumze naye, kama inavyofaa kati ya ndugu: kwamba mtoto amepata ya kuanzia, na anaomba zawadi ya ami ingoje, itumwe kama pesa mwaka wa pili atakapojua mashine gani utafiti wake unataka. Ami atafurahi zaidi kujua kwamba alichangia utafiti wenyewe.

Safarini, laptopu ibebe mkononi, kamwe usiiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Betri za akiba na pawabenki zimekatazwa huko kwa sababu ya hatari ya moto. Toka Faza kwenda Mokowe ifunge kwenye nailoni mbili kabla ya kuiweka begini, na ukae nayo mapajani, mbali na ubavu unaorusha maji. Tone la maji ya chumvi likiingia kwenye kibodi linaanza kula shaba siku hiyo hiyo, na utaona madhara wiki kadhaa baadaye ukiwa Bremen. Ukifika forodha ya Ujerumani usiwe na wasiwasi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 1186 ya 2009 inawasamehe wanafunzi ushuru wa vifaa vyao vya masomo. Itoe kwenye katoni, na risiti uwe nayo.

Ukizifuata hatua hizi, sehemu kubwa ya zile 110,000 itabaki. Usiiguse mpaka dhamana ya nyumba ilipwe. Na kabla hujalipa hata shilingi moja Mombasa, mwandikie mratibu wa masomo yako Bremen umuulize programu gani zinatumika na mashine ya namna gani inatosha. Fanya hivyo wiki hii, mwanangu, kwa sababu jibu lake lina uzito kuliko langu na kuliko la muuzaji yeyote.